Mhunzi Alifanya Nini Kesho Yake?

Haya jamani, habari zenu. Asanteni kwa kunialika na asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi, najua siku imekuwa ndefu na mi ndo wa mwisho kuongea. Nimeombwa niongelee namna ya kusimama tena ukishaanguka, iwe kwenye mazoezi au kwenye maisha, na nilikubali haraka sana kwa sababu hili jambo lilinipata mwilini kwanza ndo likaingia kichwani.

Naanza na methali tuliyolelewa nayo wote humu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilipoumia, miaka sita iliyopita, simu yangu ilijaa hiyo methali, kila aliyenitumia meseji aliiweka, na wote walikuwa na nia njema kabisa, na ni ya kweli wala siipingi. Ila nikiwa pale kitandani mguu uko juu ya mito miwili nilikuwa najiuliza, hivi huyu mhunzi kesho yake asubuhi alifanya nini? Moto anao, nyundo anayo, chuma kimeiva chekundu na hana cha kukishikia. Methali imetuambia uhunzi haujaisha halafu ikatuacha nje mlangoni kwake. Leo nataka tuingie ndani tumwangalie.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa nakimbia jioni, nafanya zile mbio fupi za kasi, mzunguko wa sita kati ya nane, mwili umeshapata moto vizuri, na ghafla nikahisi mtu kanipiga teke nyuma ya mguu, teke la nguvu, na mlio nikausikia kabisa kama kijiti kikavu kimevunjwa. Nikageuka nimwone ni nani. Hakuna mtu. Nikakaa chini, nikapeleka mkono nyuma, pale inapopita ile kano kubwa inayotoka kwenye shavu la mguu kushuka mpaka kisiginoni, na kidole changu kikazama. Palikuwa na shimo mahali ambapo jana yake palikuwa pagumu kama kamba iliyovutwa. Sijawahi kusahau hicho kidole kilivyozama.

Nikapasuliwa, nikafungwa hogo, nikapewa magongo. Sitalivuta hilo, waliopitia wanajua, na asiyepitia naomba asipitie. Ninachotaka kuwaeleza ni siku walipofungua, nikauona mguu wangu. Shavu la mguu lilikuwa limeisha, ngozi imelegea, fizio, yule mtaalamu wa tiba ya mazoezi, akachukua futi ya fundi nguo akapima huku na huku, mguu mmoja sentimita 35 mwingine 32. Akaniambia nishike meza, nisimame kwa mguu ule ulioumia, niinue kisigino. Kitu cha mtoto, si ndio? Nikatoa amri. Kisigino hakikusikia. Nikatoa tena, nikabana meno, jasho likanitoka usoni kwa kitu ambacho kwa nje hakionekani hata kama kinafanyika. Sifuri. Mtu ambaye miezi mitatu nyuma alikuwa anakimbia kilomita kumi kabla ya kwenda kazini.

Na pale ndipo nilipojua kitu kinachoniumiza zaidi ni kipi. Maumivu yalikuwepo ila yalivumilika. Nilichoshindwa kuvumilia ni yule kijana aliyekuwa kitanda cha pili anafanya mazoezi yake ya bega, alikuwa ananiona.

Nimelifikiria hili kwa miaka yote hii na sijabadilisha mawazo, naamini wengi wetu tunaoshindwa kurudi hatushindwi na maumivu wala uvivu, tunashindwa na aibu ya kuwa wadogo tena. Ulikuwa unabeba chuma kizito kwenye skwati watu wanakupisha, leo unaambiwa uanze na ufagio begani. Ulikuwa bosi wa watu kumi na wawili, leo uko foleni ya usaili na mtoto uliyemfundisha kazi. Ulikuwa na ndoa watu wanakuja kuomba ushauri, leo ndo wewe unayetafuta wa kukushauri. Kidonda kinafunga, ila ile hali ya kuonekana umepungua ndo inayotufanya tusubiri, tunajiambia nitarudi jimu nikishapungua kidogo, nitaonana na wenzangu mambo yakikaa sawa, na mambo hayakai sawa kwa sababu kitu cha kuyaweka sawa ndo hicho tunachokikimbia.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana, niwasimulie polepole. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, wataalamu walichukua vijana watano wa miaka 20, wazima wa afya, wakawalaza kitandani wiki tatu mfululizo. Kulala tu. Walipowaamsha wakawapima uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukiwa kwenye kazi ngumu kabisa, tuuite pumzi kwa lugha yetu, ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Wiki tatu tu hizo. Kisha maisha yakaendelea, na miaka 30 baadaye wakawatafuta wale wale watano, sasa ni watu wazima wa miaka 50, kwa wastani wametoka kilo 77 wamefika 100, wakawapima tena. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pumzi mbaya kuliko aliyokuwa nayo siku alipoinuka kile kitanda akiwa kijana. Yaani wiki tatu za kulala ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka, ukiwahi kukaa muda mrefu bila mazoezi ukarudi ukajiona umekuwa mzee ghafla, hukuwa unajidanganya.

Lakini bado haijaisha. Wale wazee wakapewa programu ya miezi sita. Kutembea, kukimbia kidogo, baiskeli, wanaongeza kidogo kidogo mpaka wakafika kama saa nne na nusu kwa wiki. Mwisho wa miezi sita pumzi yao kwa wastani ilikuwa imerudi palepale ilipokuwa mwaka 1966 kabla hawajalazwa. Watu wa miaka 50 hao! Na kinachonigusa mimi humo sio namba, kinachonigusa ni kwamba mwanaume wa miaka 50 mwenye kilo 100, anayejua kabisa kwamba kwenye faili lake imeandikwa alivyokuwa akiwa na 20, alikubali siku ya kwanza kuanza kwa kutembea.

Niwape na hili maana linasaidia sana wiki ya kwanza ya kurudi. Ukiacha mazoezi, kitu kinachotangulia kupungua ni wingi wa damu, ile sehemu yake ya maji, inaanza kushuka ndani ya siku chache tu. Damu ikipungua moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile, ndo maana unapanda ngazi unahema ukasema basi, kila kitu kimepotea. Hakijapotea! Nguvu za misuli zinakaa wiki kadhaa kabla hazijaanza kushuka sana, na hata misuli ikisinyaa kuna kinachobaki. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo walionyesha kwa panya kwamba viini vya seli vinavyoongezeka ndani ya msuli wakati wa mazoezi haviondoki hata msuli ukipungua, vinabaki vinasubiri. Na kwa binadamu tunaliona kila siku, aliyewahi kuwa na nguvu akianza tena anazipata haraka kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo yule mtu anayehema kwenye ngazi anajihukumu kwa ushahidi wa siku chache za damu kupungua, na damu yenyewe inarudi ndani ya wiki mbili tatu akianza taratibu.

Sasa hilo neno taratibu ndo limenigharimu mimi.

Mwezi wa nne tangu niumie nilishaanza kutembea vizuri, kuchechemea kumeisha, na palikuwa na mbio ambazo wenzangu wote wanakimbia, na mi nikaona kilomita tano tu haziwezi kuniua. Fizio alishanieleza, na nilikuwa nimemwelewa kabisa, kwamba msuli unapata damu nyingi unarudi upesi ila kano inapata damu kidogo, kwa hiyo inajengeka polepole mno, mwaka mzima na zaidi bado inajipanga upya kule ndani, kwa hiyo kuna kipindi kibaya sana ambapo msuli unakuambia niko tayari na kano bado. Nilielewa lakini nikaenda. Kilomita ya tatu shavu la mguu likashika, nikarudi nyumbani nimeegemea bega la mtu, wiki sita nyingine zikaenda. Na mkiniuliza nini kilinipeleka pale, haikuwa hamu ya kukimbia. Nilitaka wanione.

Wenye magoti mliopo humu, mliochanika ile kano ya katikati ya goti, naomba mnisikilize hapa. Kuna utafiti wa Norway uliotoka 2016, waliwafuatilia watu waliopasuliwa goti wakarudi michezoni, na wakakuta kila mwezi mmoja ambao mtu alichelewesha kurudi, mpaka kufika mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Mwezi mmoja tu wa subira. Na walioingia jimu jana baada ya mapumziko marefu wakabeba uzito wa zamani, angalieni mkojo wenu, ukiwa wa rangi nzito ya kahawia na misuli imevimba inauma kupita kawaida, hiyo ni misuli inavunjika inaingia kwenye damu na inaweza kuharibu figo, nenda hospitali usiku huohuo usisubiri asubuhi.

Haya. Turudi kwenye aibu maana ina njia nyingine ya kuingia.

Kuna mwanasaikolojia aliitwa Alan Marlatt, alifanya kazi miaka mingi na watu wanaoacha pombe. Aliona kitu kwamba mtu akikaa miezi bila kunywa, akanywa glasi moja, ile glasi moja mara nyingi siyo inayomrudisha kulekule. Kinachomrudisha ni anachojiambia baada ya glasi. Akijiambia nimeteleza, kesho naendelea, anaendelea. Akijiambia unaona, mimi ndivyo nilivyo, sina lolote, anamaliza chupa. Hebu fikirieni ni mara ngapi umekosa mazoezi Jumatatu ukaifuta wiki nzima, au umekosana na mtu mara moja ukaacha kabisa kumpigia. Wahenga walisema kuteleza sio kuanguka na mi nadhani walikuwa wanaongelea jambo hilihili, kwamba kati ya kuteleza na kuanguka kuna sekunde moja hivi, na ndani ya hiyo sekunde kuna maneno unajiambia.

Na kuna utafiti mwingine wa London, ulitoka 2010, wa Phillippa Lally na wenzake, watu 96 kila mmoja kachagua kitu kidogo cha kufanya kila siku, wakaangalia inachukua muda gani mpaka kiwe mazoea. Wastani ulikuwa siku 66, ila kulikuwa na watu wa siku 18 na wengine makadirio yao yalifika siku 254, kwa hiyo anayekuambia siku 21 muulize kazitoa wapi. Lakini lililonifurahisha mimi zaidi ni kwamba mtu aliyekosa siku moja hakuharibu chochote cha maana. Mazoea yaliendelea kujengeka kama kawaida. Siku moja haina nguvu hiyo tunayoipa.

Mwaka huohuo wa mguu, mwezi wa tano, kazini wakapunguza watu na mi nikawemo. Nilikuwa nasimamia timu. Nakumbuka nilitoka na boksi mkono mmoja, gongo mkono wa pili, mlinzi akanifungulia mlango akasema pole, na nikashindwa kumjibu. Nikakaa ndani. Simu nazima, rafiki wakija najifanya nimelala, mchana natazama dirisha. Kama wiki tano hivi.

Aliyenitoa ni mtu tuliyewahi kufanya naye kazi, alikuwa na ofisi yake ndogo anahitaji mtu wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, siku tatu kwa wiki. Kazi niliyoifanya nilipomaliza shule. Alivyoniambia nilihisi kama ananitukana, kwa kweli nilihisi hivyo, na yeye hakunitukana, alikuwa ananipa koleo lake niazime. Ndo nikamwelewa yule mhunzi. Mi naamini kesho yake alienda kwa mhunzi mwenzie akakaa pembeni akamvutia mivukuto, moto uwake, mwenzie afue. Bingwa wa kijiji kizima kakaa anavuta mivukuto na watu wanapita wanamwona. Jioni akapewa chuma chakavu, akaanza kujitengenezea koleo lingine.

Nikaenda. Siku ya kwanza niliona kila mtu ananiangalia, siku ya nne nikagundua hakuna aliyekuwa ananiangalia, kila mtu ana yake.

Eliud Kipchoge mnamjua. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 bado kijana mdogo kabisa, Athens 2004 akachukua shaba, Beijing 2008 fedha. Ikafika 2012, timu ya Kenya ya Olimpiki ya London ikatajwa na jina lake halimo. Watu wakifika hapo hurukia Vienna 2019, alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Mimi napenda kukaa hapohapo katikati, baina ya London kupita bila yeye na April 2013 alipokwenda kusimama kwenye mstari wa marathoni kule Hamburg, umbali ambao hajawahi kuushindania, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia kaingia tena darasa la kwanza. Alishinda siku hiyo, sawa, na dhahabu za Rio na Tokyo zikaja baadaye, ila ile miezi ya katikati alikuwa anaamka alfajiri kwenda kujifunza mbio mpya bila kujua yote hayo. Na hata alipokuwa kileleni, 2020 London akamaliza wa nane, na 2022 akavunja rekodi ya dunia Berlin. Anajua kurudi kuwa mdogo huyu mtu, ameshafanya zaidi ya mara moja.

Mi nilichofanya ni kidogo sana ila kilinisaidia na nawapa kama kilivyo. Kwenye simu kulikuwa na rekodi zangu zote za kukimbia, miaka mitano, nilikuwa nazifungua usiku nazitazama kama picha za marehemu. Nikaifuta ile apu. Nikanunua daftari, ukurasa wa kwanza nikaandika tarehe na chini yake nikaandika: kisigino, 0. Kesho yake 0. Kurasa mbili nzima ni sifuri, ninalo mpaka leo, na nikiwa na siku mbaya ndo kurasa ninazozifungua. Kwa sababu kila sifuri pale ni siku ambayo nilisimama mbele ya sinki nikashika ukingo nikajaribu.

Mwezi wa saba, asubuhi, sinki lilelile, maji ya chai yanachemka, kisigino kikanyanyuka. Unene wa kidole kidogo, sio zaidi, kikatetemeka kikashuka. Nikaangalia nyuma nani kaona, hakuna mtu, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Daftarini nikaandika 1. Fizio alikuwa anataka 25, nilizifikisha mwaka ulipokuwa umeshapita na miezi yake.

Kabla sijamaliza, kuna wengine humu kuanguka kwenu hakuna hogo la kuonyesha. Kama usingizi umekata wiki na wiki, chakula hakipiti, na kichwani yanakuja mawazo ya kutaka kuondoka duniani, hapo usinisikilize mimi na daftari langu, mwambie mtu leo, nenda kwa daktari, hilo nalo ni jeraha na lina wataalamu wake. Nakuomba kabisa.

Sasa simameni. Ndio, wote, mliokaa nyuma na nyie. Shikeni kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mwenye mguu mbovu, simamia ule mzuri, mwenye miguu mibovu yote tumia yote miwili kwa pamoja, na asiyeweza kusimama akae hapohapo alipo ainue visigino akiwa amekaa, kila mtu na mwili aliokuja nao leo, wa mwaka juzi tumeuacha nyumbani. Usimwangalie jirani. Inua kisigino polepole, kikinyanyuka hata kiasi cha karatasi kupita chini yake tunahesabu, kisiponyanyuka na umejaribu tunahesabu pia. Tayari?

Moja.